Uliza Anga: Nebula hafifu, kamera ya harusi, na usiku wa kiangazi Dodoma

Mbukwenyi wasomaji. Toleo lililopita tuliweka picha ya galaksi ya Andromeda ikiwa na utepe wa bluu-kijani pembeni yake, tukasema kwa kifupi tu kwamba utepe ule waliugundua wapenzi wa anga, watu wanaopiga picha za nyota kwa hela yao na muda wao. Basi maswali yamemiminika, na mengi yametoka hapahapa Dodoma na wilaya zake, kitu ambacho kimenifurahisha sana. Nimechagua haya saba. Mengine yaliyofanana nayo nimeyajibu humohumo.

Kaka naomba unieleweshe. Ile picha ya Andromeda mlisema waliogundua ule utepe ni watu wa kawaida. Sasa yale madarubini ya mabilioni yalikuwa yanaangalia wapi siku zote? Andromeda si ndo galaksi inayopigwa picha kuliko zote? (Msomaji, Kisasa)

Ni kweli kabisa, na hilo swali lako hata wanasayansi wenyewe walijiuliza. Waliohusika ni watatu, Yann Sainty na Xavier Strottner wa Ufaransa pamoja na Marcel Drechsler wa Ujerumani. Mwaka 2022 Sainty alikuwa anapiga Andromeda kutokea maeneo ya Nancy, Ufaransa, kwa darubini yenye lenzi ya mbele ya milimita 106 tu, yaani sentimita kumi na kidogo. Akatumia rangi za kawaida, halafu akaongeza filta inayopitisha mwanga wa oksijeni peke yake, na hapo ndo penye siri yote, maana kila mtu anayepiga Andromeda anaongeza filta ya haidrojeni ili yale mawingu mekundu ndani ya galaksi yang'ae, ila ya oksijeni walikuwa hawaoni sababu ya kuiweka kwa muda mrefu hivyo. Jumla alikusanya kama masaa 110 ya mwanga katika usiku 22. Walipounganisha wakaona kuna alama, kama upinde, kusini mashariki mwa kitovu cha galaksi. Wakadhani labda ni mwako wa ndani ya lenzi, kwahiyo hawakukimbilia kutangaza, wakaomba wengine wenye vifaa tofauti kabisa wapige eneo lilelile, nao wakaupata. Januari 2023 ikatangazwa rasmi kwenye jarida la kisayansi, wakiwemo na wanaastronomia wa vyuo, na mwaka huohuo ile picha ikashika nafasi ya kwanza kwenye shindano la picha za anga linaloendeshwa na Greenwich kule London.

Sasa kuhusu madarubini makubwa. Darubini kubwa inaona mbali lakini inaona kipande kidogo mno cha anga kwa wakati mmoja. Picha kubwa ya Andromeda iliyopigwa na Hubble, ile darubini iliyoko angani, iliyotoka 2015 ilibidi iunganishwe kutoka kwenye picha zaidi ya 7,000 na bado ikafunika sehemu tu ya galaksi. Ule utepe una urefu wa nyuzi 1.5 hivi angani, ukipanga miezi mipevu mitatu kwa mstari ndo urefu wake, na mwanga wake ni dhaifu ajabu, kwahiyo darubini kubwa ikiuelekea inakuwa imezama ndani yake na haioni kingo zake. Pia muda wa darubini zile unaombwa kwa maandishi, unapewa usiku wako michache, unaondoka. Hakuna kamati itakayokupa masaa 110 upige filta ya oksijeni pembeni ya galaksi ambayo kila mtu anaijua eti uone kama kuna kitu. Mtu mwenye darubini yake nyumbani hamuombi mtu ruhusa. Mimi naamini hiyo ndo nguvu kubwa ya wapenzi wa anga kuliko kifaa chochote wanachonunua, wana muda, na hakuna anayewauliza wameutumiaje.

Wengi mmeuliza kama utepe wenyewe uko kule Andromeda, umbali wa miaka ya mwanga milioni 2.5, au uko hapa karibu umepita mbele tu. Mwanzoni mjadala ulikuwa wazi pande zote mbili, ila kazi zilizofuata zinaelekea kuuweka ndani ya galaksi yetu wenyewe.

Na kwa taarifa yako Andromeda tunaiona. Oktoba, saa nne usiku hivi, angalia kaskazini, inafika kama nyuzi 42 juu ya upeo na kiangazi bado hakijaisha.

Mimi nina swali moja tu, hizo rangi ni za kweli au wanapaka kwenye kompyuta? Maana niliwahi kuchungulia kwenye darubini nikaona kitu cha kijivu tu. (Mwanafunzi wa UDOM)

Vyote viwili, inategemea na picha. Jicho lako usiku linatumia seli ambazo hazijui rangi, na haliwezi kukusanya mwanga kwa dakika nzima kama kamera, linaona na kusahau hapohapo, ndo maana ukaona kijivu. Lakini gesi yenyewe ina rangi zake. Haidrojeni iliyochangamshwa na nyota ya moto inatoa wekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, oksijeni iliyopoteza elektroni mbili inatoa kijani cha kuelekea bluu kwenye 500.7. Huo mstari wa oksijeni una historia tamu. Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins, naye alikuwa na darubini yake nyumbani, alipasua mwanga wa nebula moja, yaani wingu la gesi na vumbi huko angani, akakuta mistari michache badala ya upinde mzima wa rangi, akajua hii ni gesi tupu na sio nyota nyingi zilizorundikana. Ila ule mstari wa kijani haukufanana na kitu chochote cha maabara, watu wakadhani ni elementi mpya wakaipa jina la nebulium, mpaka 1927 Ira Bowen alipoonyesha ni oksijeni ya kawaida tu iliyo kwenye gesi nyembamba kiasi ambacho hapa duniani hatuwezi kukitengeneza kirahisi.

Kwahiyo ukiona nebula nyekundu yenye bluu-kijani, mara nyingi hiyo ni karibu na ukweli. Ukiona ya dhahabu na samawati kama zile nguzo maarufu za gesi zilizopigwa na Hubble 1995, hapo wamepanga, salfa imepewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu, ili utofautishe gesi ipi iko wapi. Hiyo nayo ni taarifa, ilimradi mpigaji aseme alichofanya. Mimi picha isiyoelezwa ilivyotengenezwa siiweki kwenye ukurasa huu hata iwe nzuri vipi.

Habari za kazi mkuu. Mimi ni mpiga picha wa harusi na sendoff hapa Chang'ombe, nina Canon ya zamani, lenzi ya 50 na tripodi. Darubini sina na sidhani kama nitapata karibuni. Naweza kupiga nebula kweli au nijitoe tu? (Fundi picha)

Usijitoe kabisa! Mzee una karibu kila kitu cha kuanzia, na una kitu kingine ambacho wenzetu wa Ulaya wanapanda ndege kukifuata, wanaenda mpaka Namibia kwenye mashamba ya kulipia ili wapige anga la kusini, wakati we unalo juu ya paa.

Tuanze na hesabu. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwahiyo ukiacha kamera wazi nyota zinavutika zinakuwa vistari. Gawa 500 kwa urefu wa lenzi yako, jibu ni sekunde unazoweza kuacha wazi. Kwa lenzi ya 50 unapata sekunde 10, ila kama Canon yako ni hizi zenye sensa ndogo basi zidisha kwanza 50 kwa 1.6, unabaki na sekunde kama 6. Nyota za katikati ya anga, juu ya utosi wetu, ndo zinazokimbia zaidi, kwahiyo mimi ningeanza na sekunde 4 au 5. Lenzi iwe wazi karibu yote, f/2 au f/2.8, ISO 1600, piga kwa faili ghafi na sio JPEG. Fokasi fanya kwa mkono, kuza nyota moja kali kwenye skrini mpaka iwe nukta ndogo kabisa, halafu usiiguse tena, weka hata seloteipu.

Sekunde 5 hazitoshi kuona nebula, sasa hapo ndo kazi yenyewe inaanza. Unapiga fremu mia, mia mbili, mia tatu za sehemu moja, unaziingiza kwenye programu ya bure kama Siril au DeepSkyStacker, zinapangwa nyota juu ya nyota na kujumlishwa. Fikiria uko soko la Majengo Jumamosi na kuna mtu mbali anaita jina lako kwa sauti ndogo, akiita mara moja huwezi kumsikia kwenye zile kelele, lakini akirudia jina lilelile mara mia na kelele za sokoni kila mara zinabadilika, mwisho jina linajitokeza. Kamera ni hivyohivyo. Chenga za sensa zinabadilika kila fremu, nebula iko palepale. Kinachopanda ni kipeuo cha pili cha idadi, maana yake fremu 100 zinakupa usafi mara 10 wa fremu moja, na ukitaka usafi mara 20 inabidi ufike 400. Ndo maana nimekwambia yule wa Ufaransa alikaa masaa 110, hakuna njia ya mkato kwenye hiyo hesabu. Mwishoni kabla hujafunga begi, funika lenzi na mfuniko wake upige fremu 20 au 30 za giza kwa muda uleule na ISO ileile, programu itazitumia kufuta dosari za sensa yenyewe.

Nini upige? Hapa ndo watu wa Dodoma tunatakiwa tuwe na kalenda yetu, maana vitabu vingi vimeandikwa kwa watu wa kaskazini ambao kipupwe chao ni msimu wa kundi la nyota la Orioni. Sisi Orioni akiwa juu saa mbili usiku ni Januari na Februari, na hapo ni mvua na mawingu. Aprili mwishoni hadi Juni anga likishakauka, anza na nebula ya Carina, iko kusini, karibu na Msalaba wa Kusini, inafika nyuzi 36 hivi juu ya upeo, ni kubwa mara kadhaa kuliko nebula ya Orioni na Mzungu wa Paris au Berlin hajawahi kuiona nyumbani kwake. Ndani yake kuna nyota inaitwa Eta Carinae ambayo mwaka 1843 ililipuka kwa kung'aa mpaka ikawa ya pili kwa ukali angani, halafu ikafifia. Juni mpaka Septemba ni zamu ya makundi ya nyota ya Nge na Mshale, pale ambapo Njia ya Maziwa ni nene kabisa na inapita utosini, hapo lenzi yako ya 50 itabeba kwa mpigo mmoja nebula ya Lagoon, ya Trifid, ya Eagle, ya Omega, na ukisogea kidogo kwenye ile nyota nyekundu ya Antares kuna mawingu ya Rho Ophiuchi ya njano na bluu. Usiku ni mrefu, hakuna wingu, na baridi ya Juni na Julai inasaidia maana sensa ikiwa ya baridi inakuwa na chenga chache. Septemba na Oktoba, kama hutaki kumsubiri Orioni mpaka wakati wa mvua, amka saa tisa usiku, utamkuta ameshapanda upande wa mashariki.

Adui wa Septemba ni vumbi na upepo. Ning'iniza mfuko wa mchanga chini ya tripodi, usibadilishe lenzi kwenye uwanja wazi, na ukimaliza usifute lenzi na shati, puliza kwanza.

Kuna jambo la kamera yako lazima ulijue. Mbele ya sensa kiwandani wanaweka kioo kinachokata wekundu mwingi pamoja na ule wa haidrojeni wa 656.3, ili ngozi za watu kwenye harusi zitoke vizuri. Kwahiyo nebula nyekundu zitatoka hafifu kuliko ulivyoona mtandaoni. Wapo wanaokitoa hicho kioo, ila we usikitoe kwenye kamera inayokulipia ada za watoto, tafuta bodi ya pili iliyochoka siku za mbele. Oksijeni ya 500.7 inapita vizuri tu, na Carina na Lagoon ni kali kiasi kwamba zitaonekana hivyohivyo.

Baadae ukija kununua kile kimota kinachozungusha kamera ifuate nyota, angalia jambo moja kabla hujalipa. Kinatakiwa kielekezwe kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka, na sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, maana yake ncha yetu iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, chini kabisa, kwenye vumbi na miti ya watu. Baadhi ya stendi hazishuki hadi hapo, itabidi uinamishe mguu mmoja wa tripodi. Na nyota ya kuongozea kule kusini, Sigma Octantis, ni dhaifu, kwa nyuzi 6 utaitafuta mpaka asubuhi. Tumia dira na kipimo cha pembe cha simu kuanzia, halafu malizia na programu inayosoma nyota kwenye picha na kukwambia umekosea kiasi gani.

Shikamoo. Tangu mji uwe makao makuu taa zimekuwa nyingi mno, zamani pale Area D tulikuwa tunaona Njia ya Maziwa vizuri, sasa hivi shida. Je hii ina maana Dodoma haifai tena? (Mzee mstaafu)

Marahaba, lakini mimi ndo natakiwa nikusalimie mzee wangu, shikamoo.

Inafaa, ila sio katikati ya mji. Mji umepanuka na barabara zimewekwa taa nyeupe, na mwanga mweupe wenye bluu nyingi unatawanyika hewani kuliko ule wa zamani wa njano, halafu ukichanganya na vumbi anga zima linakuwa la kijivu. Kwa bahati nzuri mji wetu una mwisho, ukitoka ukaenda upande wa Bahi, au ukapita Hombolo, au ukapanda kuelekea Kondoa, giza linarudi haraka. Nendeni zaidi ya mmoja, toeni taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji kabla, maana watu wanaokaa porini usiku na mitambo isiyoeleweka wanatia hofu na wenyeji wana haki ya kuuliza. Vaeni buti, nyoka hawana likizo.

Kwa anayebaki mjini kuna filta za kisasa zinazopitisha haidrojeni na oksijeni tu na kuzuia mwanga mwingine karibu wote, kwa hizo watu wanapiga nebula katikati ya majiji makubwa ya Ulaya, hata mwezi ukiwa mpevu. Hazisaidii kwa galaksi wala kwa mawingu ya vumbi, maana hayo mwanga wake ni wa nyota za kawaida. Na taa za nyumbani kwetu zenyewe tuzifunike juu, taa ya nje inatakiwa imulike mlango na sio mawingu. Hilo ningependa hata halmashauri ilisikie, kofia ya taa sio ghali na umeme unaopotea juu hauna anayeutumia.

Bibi yangu Mpwapwa alikuwa anaangalia Kilimia kujua lini watu waandae mashamba. Nimesikia Kilimia nacho kina nebula, ni kweli? (Mama Neema, Kongwa)

Ni kweli Mama Neema, na bibi alikuwa anaangalia moja ya nebula nzuri kuliko zote bila kuiona. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kwetu bado inafanya kazi, kinazama jioni magharibi Mei kiangazi kikianza, kinarudi alfajiri Juni, na Novemba kinachomoza mashariki jua likizama tu, wakati watu wanasubiri mvua za kwanza.

Wingu lake aliliona mwaka 1859 Mjerumani Wilhelm Tempel akiwa Venice, kwa darubini ndogo aliyoinunua mwenyewe, kazi yake ilikuwa kuchora na kuchapa kwa mawe, hakuwa msomi wa chuo. Aliona kama ukungu kuzunguka nyota moja ya Kilimia inayoitwa Merope. Watu walibishana miaka mingi kama upo au ni macho yake, kuna waliouona na waliokosa kwa darubini kubwa zaidi, mpaka kamera zilipokuja miaka ya 1880 zikaonyesha kundi zima limezungukwa na nyuzinyuzi. Hili sio gesi inayojiwakia yenyewe, ni vumbi jembamba linaloakisi mwanga wa nyota, ndo maana ni la bluu, na zile nyota hazikuzaliwa humo, zinapita tu katikati ya wingu ambalo zimekutana nalo njiani, umbali wa miaka ya mwanga kama 440.

Yule fundi wa Chang'ombe anaweza kulipata Oktoba usiku wa manane kwa lenzi yake, kwenye giza zuri, maana bluu haikatwi na kile kioo cha kiwandani.

Mimi nina laptopu na bando tu. Kuna kitu naweza kugundua au mpaka niwe na kamera? (Kijana, Manyoni)

Hili swali nimeliweka karibu na mwisho makusudi maana nataka nilijibu kwa nafasi. Jibu ni ndio, na sikutii moyo tu.

Miaka mingi iliyopita anga lote lilipigwa picha kwenye sahani kubwa za kioo, la kaskazini kutokea Palomar, California, la kusini kutokea Siding Spring, Australia. Sahani zile zikaja kuingizwa kwenye kompyuta na sasa ziko wazi kwa mtu yeyote, bure. Zimejaa vitu ambavyo hakuna binadamu aliyevikagua kwa jicho lake kimojakimoja. Kuna kikundi cha wapenzi wa anga kinaitwa Deep Sky Hunters, wao kazi yao ni kupita kwenye sahani hizo kipande kwa kipande. Mmoja wao, Matthias Kronberger wa Austria, alipata kiduara cha bluu kisichojulikana, mwaka 2011 darubini kubwa ya Gemini ikakipiga picha, kikatoka kama povu la mviringo lenye nyuzi, leo kinaitwa Kronberger 61. Hata Strottner na Drechsler wa ule utepe walianzia hukohuko, wameshapata nebula nyingi kwa kukagua picha zilizokuwepo tayari.

Halafu kuna Dana Patchick wa Marekani. Mwaka 2013 alikuwa anakagua picha za setilaiti ya WISE iliyokuwa inaona joto, akakuta kiduara, kikaingia kwenye orodha kwa jina la Pa 30. Waliokuja kukichunguza wakakuta katikati kuna nyota yenye joto la kama nyuzi 200,000 na gesi inayokimbia kwa kasi ya kutisha, wakarudi nyuma kwa hesabu, na mwaka 2021 ikaonyeshwa kwamba hayo ni mabaki ya nyota iliyolipuka mwaka 1181, ile ambayo Wachina na Wajapani waliandika waliiona kwa siku 185 halafu ikapotea. Zaidi ya miaka 800 hakuna aliyejua masalia yake yako wapi, na aliyeyaokota ni mtu aliyekaa mbele ya skrini.

Utaratibu ni huu. Pakua Aladin, ni ya bure, inafungua sahani zote hizo. Chagua kipande kidogo cha Njia ya Maziwa ukipitie polepole kwa rangi zote zilizopo. Ukikuta kiduara au kiwingu chenye umbo, usishangilie, angalia kama kipo kwenye sahani zaidi ya moja, maana mikwaruzo, vumbi na mwako wa nyota kali vinadanganya kila siku. Kikiwepo kwenye zote, peleka majira yake ya anga, yaani namba za mahali kilipo, kwenye hifadhi ya SIMBAD uone kama kina jina, halafu kwenye HASH, orodha ya nebula za sayari (jina tu, ni gesi iliyotupwa na nyota inayozeeka) inayotunzwa Chuo Kikuu cha Hong Kong. Mara tisa katika kumi utakuta kina jina au ni galaksi ya mbali. Ile ya kumi andika vizuri, majira, sahani, tarehe uliyokiona, na wasiliana na makundi yanayofanya kazi hiyo. Mpaka mtu apasue mwanga wake na kukuta ile mistari ya oksijeni na haidrojeni, chako kinabaki mgombea. Huko Ufaransa wapo wapenzi wa anga wanaofanya hata hiyo hatua ya mwisho kwa darubini zao wenyewe.

Na wenye kamera msione hamna chenu hapa. Januari 2004 Jay McNeil wa Kentucky alipiga eneo karibu na nebula ya M78 kwenye Orioni, kwa darubini ya sentimita 7.6 uani kwake, akaona kijiwingu ambacho hakikuwepo kwenye picha za zamani alizolinganisha nazo. Na haikuwa dosari ya picha. Nyota changa ndani ya vumbi ilikuwa imefumuka na kumulika wingu lake, na miaka iliyofuata ikafifia ikarudi, mpaka mwaka 2018 ikawa haionekani tena. Eneo lile linapigwa picha kila msimu na maelfu ya watu. Yeye alilinganisha.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Nebula zikipigwa picha leo, nikiwa mtu mzima zitakuwa zilezile? (Dodoma mjini)

Nyingi utazikuta zilezile, wewe na wajukuu zako. Lakini sio zote. Nebula ya Kaa ni mabaki ya nyota iliyolipuka mwaka 1054, na gesi yake bado inatawanyika kwa kasi ya kama kilomita 1,500 kila sekunde. Iko mbali, miaka ya mwanga 6,500, kwahiyo mwendo wote huo unaonekana mdogo sana kwetu, ila unaonekana. John Duncan aliuthibitisha mwaka 1921 kwa kulinganisha picha mbili zilizopishana miaka kumi na moja na nusu, na siku hizi wapenzi wa anga wanafanya vilevile kwa darubini za nyumbani, wanaweka picha ya zamani na mpya zinabadilishana kwenye skrini na unaona wingu linavimba.

Kwetu inapita juu sana, nyuzi 62 kaskazini. Ikitokea shule yenu ikapata darubini yenye kamera, ipigeni Kaa Novemba moja, hifadhini faili ghafi likiwa halijaguswa pamoja na tarehe, aina ya kamera na urefu wa darubini, nakala moja ofisini na nyingine kwa mwalimu wa fizikia. Jozi yake ataipiga mwanafunzi ambaye sasa hivi yuko chekechea.